Binti Mmoja wa Hapa Hapa Jomvu

Pasta alisema, "Kuna binti mmoja wa hapa hapa Jomvu," na mwili wangu ukajua kabla ya akili.

Mama naye alijua. Aliushika mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye matatu ya Kongowea na ameona mkono wa abiria mwenzake unatambaa. Mabinti wa kwaya waliokaa mbele waligeuka nusu, ule mgeuko wa mtu anayejifanya anaangalia saa. Kanisani kwetu saa imetundikwa ukuta wa nyuma ili mhubiri aione, kwa hivyo kisingizio kipo sikuzote.

Ilikuwa mwaka 2022. Andiko lilikuwa Luka 15, mwana mpotevu. Kanisa letu ni la mabati, liko njia ya kushukia mikokoni, na silitaji jina kwa sababu mahubiri ya aina hii utayasikia Likoni, utayasikia Kisauni, utayasikia Nairobi kwenye makanisa yenye viyoyozi.

Basi huyo binti wa pasta alikuwa amesomeshwa na mzazi mjane aliyeuza samaki. Akapelekwa chuo kikuu. Alipofika huko akaanza kuvaa nguo ambazo ni kama fundi aliishiwa na kitambaa. (Kicheko.) Karo akaila kwenye vilabu. Ikafika siku akawa anaokota chipsi zilizobaki kwenye sahani za watu, na hao ndio nguruwe wa siku hizi, mnanipata? (Amina!) Mwishowe akarudi Jomvu na begi moja na aibu mbili. Ile aibu ya pili hakuifafanua, akaiachia kanisa lijazie lenyewe.

"Mwambie jirani yako: rudi nyumbani!"

Jirani yangu, mzee mmoja mpole ambaye hunisalimia kila Jumapili, akanigeukia akaniambia, "Rudi nyumbani." Mimi niko nyumbani, mzee. Nimekaa hapa kiti cha tatu, na nimekuja kwa miguu.

Niseme haki: ilikuwa hadithi nzuri. Angekuwa binti wa mtu mwingine ningecheka, na ile ya fundi ningeirudia kwa marafiki.

Ukweli wangu hauchekeshi vile. Niliingia chuo mwaka 2018, na aliyelipa ni kaka yangu, dereva wa lori. Mizigo ya bandari ilipoanza kusukumwa kwenye reli mpya, malori yakaanza kulala Miritini na Changamwe siku mbili, mara wiki, na karo nayo ikawa inakuja vipande vipande. Ikaja korona, Machi 2020, vyuo vikafungwa. Vilipofunguliwa nikarudi, nikakuta nadaiwa muhula mzima, na masomo mawili nimefeli, na hayo mawili hakuna aliyenifelisha ila mimi mwenyewe. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa siendi darasani. Nikatoka mwaka wa tatu. Vilabuni sikuila karo, lakini si kweli pia kwamba ni umaskini peke yake ulionitoa. Ukiyaweka hayo mawili pamoja hayaenei kwenye mahubiri ya dakika arobaini, na nadhani ndiyo maana pasta alichagua vilabu.

Alijuaje? Alikuja kwetu kuombea nyumba, na mama akamweleza. Aliyoambiwa sebuleni akiwa amefumba macho, akayatoa madhabahuni akiwa ameyafumbua.

Usiku kaka akapiga simu kutoka Mtito Andei.

"Nimetumiwa video." Kikundi cha WhatsApp cha kanisa huwa hakilali.

Nikangoja anitetee, au acheke basi, tucheke pamoja.

"Kwani karo ililipwa na samaki?" akauliza.

Mama hajawahi kuuza samaki maisha yake yote. Anapika kwenye hoteli ya madereva huko barabara kuu. Lakini samaki hawakuwa shida ya kaka. Shida yake ni kwamba katika hadithi nzima, tangu begi mpaka aibu, yeye hakuwemo. Miaka mitatu ya kulala ndani ya kichwa cha lori, na pasta amemtoa ili mjane apate nafasi. Nikamwambia si mimi niliyeitunga. Akasema najua, akakata. Kwa muda mrefu baada ya hapo alikuwa akija nyumbani anaongea na mama, na mimi ananipa salamu ya mtu na jirani yake.

Kesho yake nilikwenda kwa jirani kurudisha mbuzi ya kukunia nazi. Jirani yetu ni Mjomvu asilia, wa zile Tisa Taifa za Mombasa, na nyumba yao ilikuwa pale kabla ya lami, kabla ya sisi. Mtaa mzima tunamwita Bi Mkubwa. Spika ya kanisa imeelekea dirishani kwake. Hajawahi kulalamika, ila nadhani kwa mahubiri aliyoyasikia angeweza kupewa uwakili wa ushirika.

"Jana nalikusikia," akasema.

"Haikuwa mimi, Bi Mkubwa. Ilikuwa hadithi."

"Haya. Hebu nambia, mwanangu. Yule msomaji wenu kasoma, kulikuwa na ndugu mkubwa yuko shamba. Kisha mkubwa wenu kahubiri, na ndugu kapotea. Kenda wapi?"

Nikamweleza mwisho wake: kaka mtu anatoka shamba, anasikia ngoma, anaambiwa mdogo wako amerudi na ndama amechinjwa, anakasirika, anakataa kuingia. Baba anatoka nje kumbembeleza. Basi.

"Akaingia?"

"Haijulikani. Inaishia hapo hapo nje."

Bi Mkubwa akaishika ile mbuzi mapajani, akanyamaza. Ana watoto saba, na wawili kati yao najua hawasemezani kwa ajili ya kiwanja. Baadaye akasema, "Hiyo basi ndiyo hadithi." Halafu akaongeza kwamba pale kwenye nguruwe alisema astaghfirullah peke yake jikoni.

Nimelifikiria sana hilo la nguruwe. Yesu alikuwa akiwasimulia Wayahudi, watu wasiomgusa nguruwe. Kijana wa Kiyahudi kulisha nguruwe na kutamani chakula chao, hapo wasikilizaji lazima roho ziliwasokota. Sisi pale kanisani, ambao wengine tukitoka ibadani tunapitia kwa buchari ya nguruwe, hatukusikia kitu. Pasta ikabidi atafute chipsi. Aliyeisikia hadithi kama ilivyosikiwa mara ya kwanza alikuwa mama wa Kiislamu, jikoni kwake, kupitia spika.

Haikuwa mara yake ya kwanza. Bi Mkubwa na Hawe, nyanya yangu, walikuwa na historia ndefu. Hawe ndivyo Wagiriama tunavyomwita nyanya. Alitoka Kaloleni akaja Jomvu kuolewa na babu, kuli wa Kilindini. Hakujua kusoma. Alikuwa na Biblia aliyoifunga kwa kitambaa cha leso, anaibeba kila Jumapili, lakini hadithi zenyewe alikuwa nazo kichwani, kwa kuzisikia tangu utotoni.

Stima ikipotea, na enzi zile ilikuwa ikipotea kwa moyo wake wote, tulitandika mkeka nje. Bi Mkubwa anakuja na kikombe chake cha kahawa. Hawe anaanza: hadithi hadithi? Sisi tunaitika hadithi njoo. Ile inayofuata, uongo njoo, utamu kolea, alituruhusu kwa sungura na fisi tu. Ikiwa ni ya Biblia, uongo haukualikwa. Tulisema, "Neno njoo, utamu kolea." Utamu aliubakisha. Mhubiri yeyote akinitaka ushauri nitamwambia habari ya Hawe na huo utamu.

Iliyotushika kuliko zote ni ya Yona. Bi Mkubwa alimjua kama Nabii Yunus, na wawili hao waliisimulia pamoja kama watu wawili wanaobeba pipa moja la maji, huyu akichoka mwenzake anashika. Samaki ni yupi? Hawe aliyekulia bara kwenye minazi alisema ni samaki mkubwa, mwisho. Bi Mkubwa, ukoo wa wavuvi wa hori hili, akataka ajue: papa? Chewa? Nyangumi si samaki, lakini tumwachie. Kule tumboni walikubaliana, giza, na mtu anayemwita Mungu wake kutoka gizani. Ubishi ulirudi kwenye mmea uliomfunika kivuli. Hawe: mtango. Bi Mkubwa: mung'unye. Miaka na miaka, mtango, mung'unye. Nimekuja kujua ukubwani kwamba kila mmoja alikuwa sahihi kwa kitabu chake, na kwamba hata mahali pa mmea si pamoja. Kwa Bi Mkubwa mmea ulimwotea Yunus ufukweni, alipotemwa akiwa mgonjwa. Kwa Hawe uliota baadaye, nje ya Ninawi, Yona akiwa amenuna kwa sababu mji umetubu na Mungu hakuuangamiza kama yeye Yona alivyotangaza. Mdudu akautafuna mmea, jua likampiga, Yona akasema afadhali afe. Mungu akamuuliza: unauhurumia mmea ambao hukuupanda, mimi nisiuhurumie mji mzima?

"Yona akajibu nini, Hawe?"

"Sijui. Hakusema."

"Lakini aliondoka pale?"

"Mwanangu, mimi nimekufikisha hapa. Ingia ndani ulale."

Kitabu cha Yona kinaishia hivyo kweli, kwa swali. Nililala na hilo swali mara ngapi sijui. Na sikumbuki hata siku moja Hawe akimaliza hadithi kisha anitazame mimi, aseme umesikia, wewe unayewaibia wenzako karanga. Na karanga nilikuwa naiba.

Wasichopenda wengi kukisikia, wa kanisani na wa msikitini, ni kwamba Maandiko kwa Kiswahili yalianza namna ile ya mkekani. Krapf, Mjerumani aliyetumwa na wamisionari wa CMS, alifika Mombasa 1844. Mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto mchanga huko ng'ambo, upande wa Nyali, na mwaka huo huo akaanza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Aliyemsaidia ni nani? Kadhi wa mji. Ukisoma Biblia yetu leo, dhambi, toba, imani, rehema, neema, nabii, malaika, injili, yote ni maneno ambayo Waislamu wa pwani walikuwa wameshayatumia vizazi kwa vizazi. Mungu tu ndiye tuliyekuwa naye wote tangu zamani kwa jina hilo. Wamethodisti walifika Ribe 1862, baadaye wakashuka wakafungua kituo hapa Jomvu, na wao pia walikuta mji una wenyewe na wenyewe wana hadithi.

Kuna mmisionari mwingine, W. E. Taylor, ambaye pamoja na Mwalimu Sikujua alikusanya mashairi ya Muyaka. Bila hao wawili huenda sehemu kubwa ya Muyaka ingepotea. Taylor alikitaka Kimvita, na ikawahi kutoka Biblia nzima kwa lugha ya Mombasa, mwaka 1914. Halafu 1928 wakubwa wa serikali za kikoloni wakakutana, tena hapa hapa Mombasa, wakachagua Kiunguja kiwe ndicho Kiswahili sanifu. Tuliwaandalia viti wakatuamulia. Biblia ya Union iliyoenea tangu 1952 ndiyo hiyo tunayosomewa, na mimi naipenda, nimekua nayo. Lakini nakumbuka Hawe alipokuwa akirudia nyumbani yaliyosomwa kanisani, Yesu hakusema kama kitabu. Alisema kama mtu wa Kaloleni aliyeishi sana Jomvu.

Na huko Dodoma, Mathias Mnyampala aliona hadithi za Injili zinafaa utenzi, akatunga Utenzi wa Enjili Takatifu, kwa bahari ile ile ambayo Waislamu wa pwani walikuwa wakitumia kuwasimulia mitume. Yaani hakuna aliyewahi kuwa na Neno peke yake. Nilitaka kumwambia pasta haya yote.

Niliyomwambia ni machache. Nilikwenda baada ya wiki mbili. Ofisi yake ni chumba cha mbao nyuma ya kanisa, kuna feni moja na magunia ya mchele wa sadaka.

"Shikamoo, Pasta."

"Marahaba, binti yangu. Najua kilichokuleta. Sikutaja jina."

"Pasta, Jomvu Kuu hapa jina la nini?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha. Akanieleza kitu ambacho sikuwa nakijua. Kabla ya kuokoka alikuwa makanga wa matatu. Chuo cha theolojia hajakiona. Alijifunza kuhubiri kwa kuita abiria. "Mtu haingii gari kwa sababu ni zuri," akasema. "Anaingia kwa sababu umemwambia linakwenda kwao." Ukisoma andiko tupu, watu wanasinzia, wengine wametoka zamu ya usiku bandarini, na yeye hawezi kuwalaumu. Ukisema Jomvu, wanaamka. Halafu akatoa silaha yake: hata nabii Nathani alimhubiria Daudi kwa hadithi, ile ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja.

Jibu lilinijia nikiwa nimeshapanda boda, kama kawaida ya majibu. Nathani aliingia kwa mfalme, akamsimulia mfalme, kosa la mfalme. Hakumchukua Bathsheba akamsimulia sokoni. Na Yesu katika mifano yake yote alisema mtu mmoja, mwanamke mmoja, baba mmoja. Aliyempa jina ni mmoja tu, Lazaro, yule maskini wa mlangoni, na tajiri akabaki bila jina. Kwetu mambo yamegeuzwa: tajiri akitoa mchango anatajwa mpaka jina la babu yake, na maskini ndiye anayekuwa mfano.

Lakini pale ofisini sikuyasema hayo. Nilisema tu, "Iliniuma, Pasta."

Akanitazama. Nadhani alikuwa na haya kweli. Akasema, "Basi niandikie wewe. Si ndiyo kazi yako?"

Kazi yangu. Wakati huo nilikuwa nikiandikia wanafunzi wa Marekani insha za shahada ambayo mimi mwenyewe sina, wananilipa kwa ukurasa, jina si langu. Pasta akaniahidi mia tano kwa hadithi, kwa M-Pesa, na ya kutoa. Nikakubali. Nikajiambia nitakuwa namlinda mtu mwingine asipatwe na yaliyonipata. Sehemu nyingine ya moyo, ambayo sikuisikiliza, ilitaka tu kusikia maneno yangu kwenye spika.

Nilifurahia. Ruthu nilimfanya mjane anayemfuata mama mkwe kupanda Rabai, na akina mama walilia. Nuhu nilimpa mafundi wa jahazi wasiolipwa kwa wakati. Zakayo nilimwacha, maana jina hilo baadaye lilipata mwenyewe Nairobi na lisingekuwa tena mahubiri. Pasta alizisimulia vizuri kuliko nilivyoandika. Alijua mahali pa kunyamaza. Nikaanza kufikiri labda mimi na yeye tunafanya kitu kizuri, na huenda tulikuwa tukikifanya.

Ikafika zamu ya mwanamke mwenye shilingi kumi, iko Luka hiyo hiyo, kabla ya mwana mpotevu. Anapotewa na moja, anawasha taa, anafagia nyumba nzima, akiipata anaita majirani. Nikakaa na ukurasa mweupe siku mbili. Siku ya tatu nikamkumbuka mama mmoja anayeuza viazi karai karibu na kwetu. Usiku mmoja, wateja wameisha, anapangusa karai, aliniambia vile pesa zake za chama zilivyopungua. Noti kumi za mia, akazihesabu mara tatu, zikawa tisa. Alifagua nyumba yote. Haikuwa imeanguka. Mwanawe alikuwa ameichukua kwa kamari ya simu, na haikuwa mara ya kwanza. Hakunipa hadithi. Alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa pale.

Nikaandika. Mtoto nikamgeuza mpwa. Viazi nikavifanya mahamri. Nikaona nimemsitiri. Lakini mkebe wa Blue Band anaowekea pesa, wenye kifuniko kilichopasuka na kuzibwa kwa nta ya mshumaa, niliuacha. Niliuacha kwa sababu ulikuwa mzuri. Mwandishi yeyote atanielewa, na hiyo ndiyo shida yetu. Bila mkebe, ilikuwa hadithi ya mtu yeyote. Kwenye mkebe ndipo ilipopumua.

Jumapili, pasta alipofika kwenye nta ya mshumaa, kichwa kimoja kiligeuka. Halafu kingine. Niliujua ule mgeuko. Mama wa viazi alikuwa safu ya pembeni karibu na mlango. Hakushika mkoba, hakuinama. Alimtazama pasta mpaka mwisho, akasimama kwa sala ya kufunga, akatoka. Mahubiri yalimalizika kwa furaha, noti imepatikana, majirani wameitwa, mwambie jirani yako amepatikana. Watu walipiga makofi.

Wiki hiyo vijana wa maskani walianza kumwita mwanawe Shilingi. Ana miaka kumi na tisa. "Shilingi, vipi, umeonekana?" Baada ya mwezi akahamia kwa mjomba wake Mazeras.

Nilimwambia pasta kwamba ni mimi. Kichekesho ni kwamba yeye hakujua, alidhani nimeitunga. Alikaa kimya kisha akasema, "Sasa umejua vile inakuwa." Hakusema kwa ubaya. Akaenda peke yake kumwomba msamaha yule mama, na sijui walisema nini. Hadithi za Jomvu ameacha. Siku hizi anasema "kule Nakuru kulikuwa na mtu," na watu wameanza tena kusinzia. Mimi nimeacha kumwandikia, na hizo mia tano sitasema kwamba sizikosi.

Kwa yule mama mimi nilichukua miezi minne kwenda. Nilipokwenda nilijipanga kwenye foleni kama mteja, nikanunua, nikala, nikabaki mpaka wakaisha watu. Nikasema niliyokuja kusema. Aliendelea kupangusa.

"Ungeniuliza," akasema.

"Ningekuuliza ungekataa."

"Sasa si ndiyo?"

Sikuwa na la kujibu. Akanipa kitambaa cha pili, tukapangusa. Aliniambia mwanawe amepata kibarua cha kupakia mawe huko Mazeras, na simu hapokei sana. Kaka yangu hupita Mazeras kila wiki. Nikamwambia ninaweza kumwomba kaka amwangalie kijana. Ilibidi basi nimpigie kaka, na hiyo ndiyo ilikuwa simu yangu ya kwanza kwake tangu ile ya Mtito Andei. Aliuliza jina la kijana, la kweli. Akasema atapita. Kuhusu sisi wawili hatukusema kitu, ila kabla ya kukata aliuliza, "Na wewe unakula?"

Mwaka huu nimerudi kwa yule mama kumwambia nataka kuandika haya yote, na safari hii nimeuliza kabla. Alitaka nimsomee. Nikamsomea kwenye simu, pale pale, akiwa anakoroga. Mahali pa kanisani alinisimamisha nirudie mara mbili. Nilipofika mwisho akafikiri kwa muda mrefu.

"Andika," akasema. "Lakini nibadilishie kazi. Na mkebe utoe."

Kwa hivyo hauzi viazi. Mkebe si mkebe, na jina walilompa mwanawe silo hilo. Ukija Jomvu Kuu jioni utawakuta akina mama wa viazi wamejipanga na makarai yao kando ya barabara, ukwaju wao ni mzuri sana, kula. Hakuna hata mmoja wao ambaye ni yeye.